Sura Niliyoitundika Ukutani

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio ya chumba kimoja Kibondo, mtaa wa nyuma ya stendi, yenye kitambaa cha bluu kwa picha za pasipoti na benchi la mbao kwa wanaosubiri. Wateja wangu ni wanafunzi wanaoomba vyuo, mabibi harusi, akina mama wenye watoto wa ubatizo, na wafiwa. Wafiwa huja mapema, kabla sijamaliza kufagia. Mmoja wao hunyoosha kadi ya mpiga kura ya marehemu na kusema, "Tukuzie hii, dada, tuiweke juu ya jeneza." Basi naikuza sura ile ndogo, ya mtu aliyeambiwa akae wima, avue kofia, asicheke. Kadiri ninavyoikuza ndivyo inavyofifia. Mzee aliyelima, akazaa, akaimba kwaya, anabaki kivuli cha kijivu chenye macho mawili.

Baba yangu mwenyewe tulimzika na picha ya namna hiyo. Hakuipenda kamera. Kila nilipoielekeza kwake aligeuka akaanza kutafuta kitu mfukoni.

Baada ya msiba wake nikaanza kupiga picha za wazee nisiowajua. Kwetu ni Kasulu. Kibondo nililetwa na ndoa, mume wangu akiwa afisa mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Iringa. Kila mwezi narudi nyumbani kumpeleka mama kliniki ya presha Kabanga. Tukishatoka hospitali yeye hupumzika kwa dada yangu, nami huchukua kamera nikazunguka sokoni na kwenye mitaa ya Kasulu. Nikimwona mzee ambaye uso wake unanisimamisha, namsalimia, namweleza, namwomba. Akikubali nampiga, na safari inayofuata namletea picha yake bure. Nyingine naitundika ukutani kwangu Kibondo.

Si wote waliokubali. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza matembele alikuwa ameshakaa sawa, kanga ameifunga upya kichwani, mara mwanawe wa kiume akaja mbio akaziba kamera kwa kiganja. "Picha ya nini? Inapelekwa wapi?" Macho ya bibi yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kijijini kwao walikuwa wamepita kamchape, wale watu wanaoingia kijijini na kudai wanawatambua wachawi. Kijana aliogopa sura ya mama yake isije ikazungushwa kwenye simu za watu. Nilimwonyesha kioo cha kamera nikaifuta picha mbele yake. Bibi alibaki amekaa vilevile, mikono juu ya magoti, kama bado anasubiri nibonyeze.

Siku hiyo sikupiga picha nyingine. Nilirudi kwa dada yangu nikiwa nimetambua kwamba kumbe uso wa mtu unaweza kuwa hatari kwake mwenyewe. Lakini mwezi uliofuata nilitoka tena.

Mzee muuza asali nilimkuta kwenye baraza la duka lililofungwa, karibu na soko la Kasulu. Alivaa koti la suti la kahawia kubwa kuliko yeye, na mbele yake alipanga asali kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Pembeni yake alikaa binti yake, mama mtu mzima, akiuza maharage. Mzee alikuwa na uso mrefu, paji pana, nyusi nyeupe zilizosimama kama manyoya ya kifaranga. Nilimwamkia, akaitikia. Akaniuliza kwa Kiha mimi ni wa wapi. Nikamtajia kijiji cha baba yangu, akatikisa kichwa kama anayepajua.

Nilipomwomba picha alicheka kidogo. "Mimi sikusoma, mwanangu. Mambo ya picha ni ya waliosoma."

"Picha haihitaji shule, mzee. Unakaa tu."

"Halafu unaipeleka wapi?"

"Moja nakuletea. Nyingine naitundika studio kwangu, Kibondo."

"Kibondo," alisema. Alichukua chupa moja ya asali, akaifuta vumbi ambalo sikuliona, akairudisha. "Huko wanaingia watu wengi?"

"Wateja tu, mzee."

Binti yake akadakia, "Kaa upigwe, baba. Hata sisi nyumbani hatuna picha yako." Basi mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akaniangalia moja kwa moja. Wengi hukaza uso mbele ya kamera; yeye aliulegeza, kama mtu aliyetua mzigo. Nilijua papo hapo kwamba nimepata picha.

Nilipompelekea nakala yake aliiangalia muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Alinipa chupa ya asali. Yangu niliitia kwenye fremu nikaitundika mahali ambapo mtu akiingia tu anaiona.

Ilikaa pale msimu mzima wa mvua. Wateja waliizoea. Mume wangu alisema yule mzee anamfuata kwa macho kila anapokuja kuniletea chakula.

Mchana mmoja aliingia mama wa makamo yaliyokwisha pita, mwembamba, ameloa mabega, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Kwa Kiswahili chake nilimjua kuwa ni wa kambini Nduta, kwa wakimbizi wa Burundi. "Amahoro, mama. Nataka foto na huyu mutoto. Tumejiandikisha kurudi, sijui mbele kutakuwa namna gani. Nataka tuwe na foto moja tukiwa wote." Alikuwa amepewa kibali cha kuja mjini siku hiyohiyo na kurudi.

Nilimpa taulo ajifute. Nikageuka kuwasha taa, nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Data."

Kwa Kirundi, na hata kwetu Kiha, neno hilo ni baba yangu. Nilidhani anamsimulia mtoto kitu. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mbele ya picha ya mzee wa asali, kiganja kimefunika mdomo.

"Unamfahamu, mama?"

"Ni data," alisema tena. Kisha akajikana mwenyewe. "Hapana. Data amekufa. Nilimuona wakimuzika." Alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Huyu muzee ni nani?"

Nilimwambia ninachokijua, ambacho kilikuwa kidogo: anauza asali Kasulu, ni Muha, ana binti. Alikaa kwenye benchi bila kuambiwa. Mjukuu akakaa pembeni yake, akawa anachezea ncha ya kanga ya bibi yake.

Akanieleza. Kwao walikuwa watoto wawili waliobaki hai, yeye na kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa anasoma sekondari kwa mapadri, kijana wa kwanza wa mlima wao, kama wanavyoita kijiji, kufika huko. Kila likizo alimbeba mabegani hadi mtoni, na alimfundisha herufi kwa kipande cha mkaa kwenye mlango wa jiko. Ukafika mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji kule Burundi. Waliosoma wakawa wanafuatwa mashuleni na kupakiwa kwenye malori, hawarudi. Siku walipofika shuleni kwa kaka yake, mtu mmoja alisema amemwona akikimbilia migombani. Mwingine akasema amemwona ndani ya lori. Baba yao alingoja. Mwishowe waliweka matanga, wakayamaliza bila mwili. Yeye alikuwa binti mdogo wa kuchota maji.

"Kama kaka yangu angezeeka," alisema, "angezeekea sura hiyo. Ni sura ya data kabisa, hata namna ya kukalisha mabega. Musazanje," akaita picha, yaani kaka yangu, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili.

Niliwapiga picha aliyoijia. Nilirudia mara kadhaa. Alipokuwa akiondoka alinishika kifundo cha mkono. "Ukienda Kasulu, umuulize. Mimi siruhusiwi kufika huko. Muulize tu kama alikuwa na dada." Alilitaja jina la kaka yake. Sitaliandika hapa. Halikuwa jina analoitwa yule mzee sokoni.

Sikungoja siku ya kliniki ya mama. Nilifunga studio nikapanda gari asubuhi, na njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Nilimkuta mzee peke yake barazani, binti amekwenda kufuata maharage. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamsimulia kama nilivyosimuliwa. Sikumkazia macho, niliangalia chupa zake. Nilipolitaja lile jina, alikuwa anamtafutia mteja kifuniko kwenye mfuko wa nailoni. Aliendelea kutafuta, na vifuniko vilikuwa tele.

Mteja alipoondoka, mzee alisema, "Si mimi."

"Sawa, mzee."

"Mimi ni wa hapahapa. Sikusoma. Huyo wanayemtafuta alisoma."

"Sawa."

"Watu wanafanana, mwanangu. Mungu hana kalibu nyingi."

Nilisimama, nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Nilikuwa nimeshashuka barazani aliponiita. Hakuwa ameinua kichwa.

"Huyo mama yao," alisema. "Huyo mama wa hao watoto. Alikufa lini?"

Nilimwambia nilichosikia kwa yule mama: kwamba mama yao hakuvuka mwaka baada ya matanga, kwamba watu walisema ni homa lakini bintiye anasema aliacha tu kula.

"Aha," alisema. Akachukua chupa iliyojaa akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta. Nikaondoka, maana niliona nikibaki nitakuwa namtazama mtu akiwa uchi.

Siku chache baadaye binti yake alitokea studio kwangu Kibondo. Hakukaa. Alisimama mbele ya picha ya baba yake akiwa bado na mkoba begani.

"Dada, wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu."

"Baba halali. Anakaa mlangoni. Nimembana mpaka ameniambia ulimwambia nini." Aligeuka, nikaona kwamba hasira yake ilikuwa imesimama juu ya woga. "Unajua mdogo wangu wa mwisho yuko wapi? Yuko jeshini. Alipoingia walikuja kijijini kuuliza: baba yake nani, babu yake nani, kazaliwa wapi. Mwenyekiti akasema huyu ni mwenzetu, na kweli ni mwenzetu. Sisi mama yetu ni Muha, tumezaliwa hapa, tumezika hapa. Leo mtu aje aseme baba yenu ni mkimbizi. Tutakwenda wapi? Utatupokea hapa studio?"

Nilimuuliza tu kama yeye anaamini kwamba mama yule ni shangazi yake.

Akaangalia chini. "Nilipokuwa mdogo, baba akiugua malaria alikuwa anaongea maneno kama Kiha lakini si Kiha. Mama alikuwa anatutoa nje." Akavuta mkoba wake begani. "Usiniulize tena kitu hicho."

Nilipanda juu ya benchi nikaishusha picha, nikaitoa kwenye fremu nikampa. Mbele yake nikaifuta pia kwenye kompyuta. Alinishukuru kwa sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kushukuru, na akaondoka na uso wa baba yake ndani ya mkoba. Ukutani ilibaki alama ya mraba, safi kuliko rangi iliyoizunguka.

Yule mama wa Nduta aliporudi kuchukua picha zake, aliiona alama ile kabla hata ya kunisalimia.

"Amekataa," alisema.

"Anasema si yeye, mama."

"Wakati anasema hivyo, alikuangalia?"

Nilikuwa na uso wa binti yule kichwani, na kijana wa jeshini nisiyemjua, na sasa nilikuwa na uso huu mbele yangu. "Hakuniangalia," nilisema. "Na aliniuliza mama yenu alikufa lini."

Alikaa. Hakulia. Mjukuu alikuwa amefurahia picha yao, anaielekeza dirishani aione vizuri, anamwonyesha bibi meno yake mwenyewe. Baada ya kitambo nilimwambia na yale mengine: kwamba mzee ana watoto, na watoto wana hofu, na hofu yenyewe si ya kubuni. Alitikisa kichwa muda wote. Alikuwa ameishi Mtendeli hadi kambi ilipofungwa, akahamishiwa Nduta, na sasa kila wiki walikuwa wanaitwa mikutanoni kuambiwa kwamba kwao kuna amani warudi. Habari ya mtu kuogopa asili yake hakuhitaji kuelezwa na mimi.

"Nisimuharibie," alisema. "Kama yuko hai, inatosha." Lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Haitoshi," alisema.

Nilimwambia mume wangu kwamba nimemaliza, sitaingia tena katikati ya watu wale. Akasema afadhali. Nadhani sote wawili tuliamini.

Kisha, siku moja asubuhi, nilifika kufungua studio nikamkuta mzee wa asali amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameondoka Kasulu na gari la kwanza. Hakuwa na chupa hata moja.

"Binti yangu anajua niko Kabanga, hospitali," alisema. "Huyo mama anakuja lini tena?"

Nilikuwa na namba ya jirani yake kambini. Nilipiga simu. Tulingoja hadi karibu adhuhuri apate kibali. Mzee alikaa kwenye benchi na kuangalia wateja wangu wakijipanga mbele ya kitambaa cha bluu. Mwanafunzi mmoja alimwamkia, akamwitikia kwa furaha kabisa, akamuuliza anasoma kidato cha ngapi. Ukimwona usingedhani ana jambo.

Mama yule alipoingia, alikuwa peke yake. Alisimama mlangoni. Mzee alinyanyuka, akavua kofia. Nilifunga mlango nikageuza kibao ili wateja wajue tumefunga, nikataka nipite niwaache, lakini mzee alisema, "Kaa, mwanangu." Nadhani alitaka awepo mtu wa tatu ili mazungumzo yabaki kuwa mazungumzo ya wageni.

Wakaketi kwenye benchi, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Mwakeye," mzee alimsalimu, kwa Kiha safi.

"Amahoro, muzee."

"Nimesikia unamtafuta ndugu yako. Nimekuja kukupa pole."

"Ahsante."

Mama akaniangalia, kisha akaangalia mikono yake. Akaanza kuongea. Hakumuuliza lolote. Alimsimulia yule mzee kama anavyosimuliwa mtu baki aliyekutana naye safarini: jinsi baba yao alivyoendelea kuacha mlango wa mbele bila komeo, jinsi alivyokufa kwa kikohozi na kuzikwa nyuma ya nyumba karibu na babu; jinsi yeye alivyoolewa mlima wa pili; jinsi nyumba ya kwao ilivyochomwa katika vita vya baadaye; watoto aliozaa, na ni yupi amebaki. Mlango wa jiko wenye herufi za mkaa, alisema, mama yao alikataa usisuguliwe, mpaka mvua ilipoupata.

Mzee alisikiliza akiwa ameinama, kofia anaizungusha ukingoni kidogo kidogo. Kwenye habari ya mlango aliacha kuizungusha.

Mama alimaliza. Nje pikipiki zilipita. Kisha akasema, "Mimi naondoka na msafara unaokuja. Naomba kitu kimoja. Huyu mama apige foto, mimi na wewe. Hata kama wewe si mutu wangu."

Nilishaanza kunyanyuka kuifuata kamera. Mzee akasema, "Hapana."

Alilisema kwa upole, lakini hakukuwa na mahali pa kulisukuma. "Picha inatembea," alisema. "Mimi nina watoto."

Mama alikubali kwa kichwa, mara nyingi mno. Mzee akanyanyuka. Alisimama mbele yake, akaweka kiganja juu ya kanga aliyojifunga mama kichwani, akakiacha hapo. Sijui ni muda gani. Midomo yake ilikuwa inasogea. Kama ilikuwa sala au jina sikusikia. Halafu akavaa kofia, akafungua mlango mwenyewe, akaenda zake stendi bila kuaga.

Yule mama alibaki pale benchini mpaka muda wa kibali ulipokaribia kuisha. Aliniambia jambo moja tu. "Mikono yake mizito," alisema. "Zamani ilikuwa myepesi."

Msafara uliondoka. Sikwenda kuuangalia.

Nilidhani habari imeishia hapo, na miezi ikapita. Nilikuwa nimeanza tena kuwapiga wazee picha, ila sasa nawauliza kwanza kama ninaweza kuitundika, na mtu akisita hata kidogo nampa nakala yake pekee. Ukuta wangu una picha chache.

Siku moja simu yangu ikapata ujumbe wa sauti kutoka namba ya Burundi. Alikuwa yeye. Alisema wamefika salama, mtoto ameanza shule. Alisema shamba la kwao amelikuta lina watu, wana nyumba ya bati, wanasema walipewa. Wazee wa mlima wamekaa, wakamwambia: kama ni lenu, tuonyeshe mipaka. Yeye aliolewa akiwa msichana. Mipaka hakuonyeshwa yeye; aliyeonyeshwa ni mtoto wa kiume. "Muulize yule muzee," alisema. Sauti yake ilikuwa inachagua njia kama mtu anayetembea juu ya matope. "Muulize tu, mutu wa zamani kama yeye, kama anaweza kujua watu walikuwa wanaweka nini mupakani."

Nilikwenda nao ujumbe huo Kasulu siku ya kliniki ya mama. Mzee alikuwa pale pale barazani, na safari hii binti yake yupo. Nilimwamkia binti, akaitikia bila kuniangalia. Niliufungua ujumbe mzee na binti wakiwepo wote wawili, kwa kuwa sikutaka tena kumficha mtu jambo. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alikusanya pishi yake na gunia la maharage, akahamia upande wa pili wa barabara, akakaa akiwa ametupa mgongo.

Mzee alimwangalia bintiye kwa muda. Kisha akaniambia, "Hiyo simu inashika sauti?"

"Inashika."

"Ishike."

Nikabonyeza, nikaisogeza karibu na mdomo wake. Alikohoa. Akaongea Kirundi. Kiha chake nilikuwa nakijua, cha hapa hapa, kisicho na doa. Hiki kilikuwa kitu kingine, lugha ya kijana, ya haraka, iliyokuwa imekaa bila kutumiwa. Niliielewa karibu yote. Alisema: anza kwenye jiwe jeusi la mtoni, pale wanawake wanapoanika nguo. Panda na safu ya minyaa mpaka mvumu mkubwa. Kama wameukata, kisiki chake kitakuwa bado kinachipua. Kutoka kwenye mvumu angalia kanisa, tembea hadi kwenye mfereji aliochimba babu. Chini ya mfereji, kila kona ya shamba, baba alifukia mkaa na vigae vya chungu kilichovunjika. Chimbeni hapo. Mkaa hauozi.

Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, "Nilikuwa nimeshika kikapu cha mkaa." Akanionyesha kwa mkono nizime.

Niliutuma ujumbe nikiwa nimekaa pale pale, mpaka nikaona umekwenda. Mzee alikuwa ameshageukia mteja.

Majibu yalikuja baada ya mavuno. Walichimba, mkaa wakaukuta kwenye kona mbili. Kona nyingine imejengewa. Wazee wa mlima wakamgawia yule mama kipande cha upande wa mtoni, na wale watu wakabaki na kilichobaki pamoja na nyumba yao. Makaburi yamo kwenye kipande cha wale watu. Wanamruhusu kufika kupalilia.

Nilimpelekea mzee habari hiyo, akasema, "Ni vizuri," na akaniuliza hali ya mama yangu. Hatujaizungumza tena. Binti yake hakurudi barazani. Anauza maharage upande ule wa barabara mpaka leo, na jioni hufungasha vitu vyake kwanza, akavuka, akamsaidia baba yake kubeba chupa zilizobaki. Wanaondoka pamoja, mzee mbele, binti nyuma. Kama kijana wa jeshini anajua, sijui. Nikipita hapo na kamera begani, naivusha upande wa pili wa mwili wangu ili isionekane kutoka kule aliko binti.